Pipa la Nyuma ya Banda

Nilikuwa nimeshika mkia wa ng'ombe wa saba, damu inapanda polepole kwenye sindano, shemeji aliposema, "Choma tu. Si ndiyo kazi yako, bwana mifugo, kuchoma mali za watu?"

Dada yangu, mkewe, alikuwa na siku ya nne hospitali, macho ya njano kama kiini cha yai, figo zimegoma. Daktari alisema ni bakteria wa mkojo wa wanyama. Kisiwani walikuwa wameshalazwa watu kumi na mmoja tangu mvua zianze. Nilitaka kujua bakteria hao wametokea wapi kabla hawajampata mwingine nyumbani humo.

"Ukiandika ni ng'ombe wangu, nani atanunua maziwa?"

"Sijaandika kitu, shemeji. Shika pembe."

"Shika mwenyewe! Mwaka jana ulikuja na mdomo wako: ueni panya, panya ndio wabaya. Nikaua. Nenda nyuma ukaone kama mimi mvivu."

Nilikwenda, naye akanifuata. Nyuma ya banda palikuwa na pipa lenye maji nusu, na juu yake waya uliopitishwa kwenye kopo lililopakwa pumba. Panya akikanyaga kopo, linazunguka, anatumbukia. Watano walikuwa wanaelea, wamevimba.

"Maji haya mnamwaga wapi?"

"Mferejini. Dada yako ndiye humwaga kila asubuhi. Mimi naona kinyaa."

"Miguu mitupu?"

"Ulitaka avae viatu vya harusi?"

Mfereji ulipita mlangoni ukaishia pale ng'ombe wanaponywa maji. Mwaka jana nilisema ueni panya. Sikusema mkojo wao hubaki majini na kupenya kwenye mchubuko. Siku ile nilikuwa nawahi boti.

"Kosa ni langu," nikasema. "Sikuwaambia ugonjwa huingilia kwenye ngozi iliyopasuka."

"Maji yakishamwagika hayazoleki."

Mama yake shemeji akatokea, kanga imefungwa juu ya magoti, visigino vimepasuka. "Nipisheni nimwage. Mke hayupo, lakini uvundo upo."

Nikasimama mbele ya pipa. "Usiguse, mama."

"Unanizuia kwangu? Toka!" Akanisukuma kifuani.

Shemeji alitazama visigino vile. Kisha akamshika mkono. "Mama, rudi ndani."

Alifunika pipa kwa ubao, akaweka mawe matatu juu. Giza lilikuwa linaingia.

"Ng'ombe watano bado," akasema bila kunitazama. "Kesho uje mapema na mabuti ya mpira, jozi mbili. Hili pipa utalimwaga wewe. Na usidhani nimekusamehe."