Video Kumi na Moja za Marta

Nilibonyeza Futa wakati Marta anacheka. Alikuwa amekaa barazani, beseni la maharage mapajani, akimtania aliyeshika simu kwamba mkono unamtetemeka. Aliyeshika simu alikuwa Hezekia, mume wake. Marta alipofariki, Hezekia akaja kuwa mume wangu.

Miaka saba imepita, na sioni haya tena kusema: nilimwonea wivu marehemu. Mtu hai ungemsuta, mkanuniana, siku ya msiba mkapatana. Marehemu utamsuta wapi? Niliolewa hapa Shume siku ya Jumamosi, na Jumatatu tayari naitwa Mama Loveness, jina la mtoto aliyezaliwa na Marta. Mtoto nilimpenda. Jina ndilo lililonichoma, maana kila aliyelitamka niliona anamwita mwenzangu.

Video zilikuwa kumi na moja, kwenye folda moja ya kompyuta yetu ya nyumbani. Simu iliyozirekodi ilishakufa zamani. Hezekia akishuka gulioni na kabichi zake, mimi najifungia kuzitazama. Nilikuwa natafuta kasoro. Nilipata jino moja lililopinda kidogo, nalo lilimpendeza.

Sikutaka zipotee, hilo naapa. Nilitaka mwezi mmoja tu nyumba iwe yangu. Fundi Silvano wa Lushoto mjini alikuwa ametuwekea programu ya kunakili kila kitu kwenye diski ya nje kila Alhamisi, kwa sababu umeme wetu ukikatika huondoka na roho ya mashine. Programu ile ilikuwa na huduma za ziada, za kuchagua mwenyewe. Mojawapo Silvano aliitia tiki: kutunza vilivyofutwa kwa siku thelathini.

"Hata ukikosea, shemeji," aliniambia, "mwezi mzima utakuta mali yako kwenye diski."

Nikalishika neno hilo. Nikafuta, nikamwaga hadi pipa la taka la kompyuta. Alhamisi ya kwanza ikapita, nami nikapika huku naimba.

Wiki ya tatu Loveness, wakati huo ana miaka tisa, alirudi shuleni analia. Wenzake walimwuliza mama yake alikuwa na sauti gani, naye hakukumbuka. Roho iliniuma. Nikachomeka diski nimrudishie mama yake. Folda ya vilivyofutwa ilikuwepo, imeandikwa jina vizuri kabisa. Ndani hamkuwa na kitu.

Kesho yake nikaipeleka diski mjini. Silvano aliihangaikia asubuhi nzima, kisha akavua miwani.

"Shemeji, tiki niliweka. Kujaribu sikujaribu. Kunakili kwenyewe ni kuzuri, lakini hivi vya ziada... Diski yenu ya zamani, haikubaliani navyo. Ulipofuta huku, ikafuta na kule. Halafu Alhamisi zote hizi imeandika vingine juu yake."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo pole."

Nilimkuta Hezekia shambani anapalilia karoti. Nilimwambia palepale, kabla ujasiri haujaniisha. Nilisema nilichofanya, na wivu nikautaja kwa jina lake. Alisimamisha jembe, akaegemea mpini. Nilingoja tusi, nilingoja aniambie nifungashe nirudi kwetu Rangwi.

"Sikuwahi kuzifungua," alisema. "Tangu tumzike. Nilisema nitaziangalia na mtoto, akikua."

Kumbe miaka yote ile mtazamaji nilikuwa mimi peke yangu.

Alikwangua udongo kwenye jembe kwa kidole. Halafu akauliza, taratibu, "Alikuwa anasema nini?"

Nikamwita Loveness, tukaketi watatu kwenye tuta, nikaanza. Nilisema maneno ya Marta kwa Kishambaa vilevile alivyoyasema, na palipokuwa na kicheko chake nikakicheka. Nilieleza zote kumi na moja, sikupunguza neno. Hezekia hakunikatiza hata mara moja. Hajawahi kunisikiliza vile, kabla ya siku ile wala baada yake. Katikati ya kusimulia niliutazama uso wake, wivu ukanirudia upya. Nikaendelea.