Friza la Ibinabo

Picha ya friza ilibandikwa ukutani kwenye bwalo la chakula la mtambo wa kuchimba mafuta baharini, juu kidogo ya birika la chai, na hakuna aliyekwenda kunywa chai bila kuitupia jicho. Lilikuwa friza jeupe la kulala, la kifuniko cha juu, refu kiasi cha kumlaza mtu mzima. Chini yake kampuni iliandika ahadi: mwaka ukiisha bila mtu kuumia, kila mfanyakazi anakwenda kwao na friza lake. Sasa, kuwaahidi hivyo watu wanaosukumana na vyuma vizito kuliko ng'ombe, juu ya bahari isiyotulia, ni sawa na kumwahidi mtoto pipi asipokojoa kitandani. Kukojoa haachi. Anajifunza kugeuza godoro.

Dokubo aligeuza lake wiki ya mwisho ya mwaka.

Alikuwa kwenye sakafu ya kuchimbia, pale mabomba yanapounganishwa moja baada ya jingine na kushushwa chini ya bahari. Kazi yake ilikuwa koleo. Si koleo la jikoni, ni dude la chuma linaloning'inia kwa waya, linaliuma bomba na kulikaza. Matope ya kuchimbia yalikuwa yametapakaa kila mahali, bomba likateleza, koleo likarudi kwa kasi, na kidole chake cha kati cha mkono wa kulia kikajikuta kati ya chuma na chuma.

"Yeeee!" Dokubo alipiga ukelele.

Oga Furo, msimamizi wa zamu, aligeuka ndani ya kibanda chake cha vioo. Sakafu nzima iligeuka. Dokubo aliyaona macho yao, na ndani ya kila jicho akaliona friza.

"Yeeee... su!" akamalizia kwa sauti ya kwaya. "Ngome yangu!"

"Unaimba?" Oga Furo aliuliza kwa kipaza sauti.

"Naimba, Oga! Roho imeguswa!"

"Iguswe taratibu. Kaza bomba."

Usimcheke. Nyumbani Abonnema, mkewe Ibinabo alikuwa muuza samaki, na friza lake la zamani alikwisha kumuuzia wifi yake, mke wa kaka yake, kwa bei ya kutupa, kwa kuwa jipya linakuja. Alikuwa amechora kwa chaki, sakafuni sebuleni, mahali litakapokaa. Majirani walikuwa wamealikwa kuja kulitazama. Kila Dokubo alipopiga simu mazungumzo yalikuwa ni hayo hayo.

"Wewe na friza mnakuja pamoja, au linatangulia?"

"Litaletwa na lori, mama watoto."

"Usije ukaniaibisha, Dokubo. Nimeshawaambia watu."

"Na mimi je, hunisubiri?"

"Njoo. Nani atalibeba?"

Basi mchana ule Dokubo aliingia bwaloni mkono wa kulia ukiwa mfukoni. Chakula kilikuwa eba, ugali wa muhogo, na mchuzi wa bamia. Kwao, mtu mzima anayemega donge la eba kwa kijiko anaonekana mgonjwa, na anayekula kwa mkono wa kushoto anaonekana hakulelewa. Dokubo alichukua kijiko kwa mkono wa kushoto, akayafanya makosa yote mawili kwa mpigo.

Karo, mwenzake wa zamu, mtu wa kabila la Urhobo mwenye mdomo mrefu kuliko korido ya mtambo, alimwangalia mpaka mchuzi ukapoa.

"Kijiko, ndugu yangu? Umekuwa mzungu lini?"

"Nimeweka nadhiri."

"Nadhiri ya kijiko?"

"Ya unyenyekevu." Dokubo akamtazama naye. Karo alikuwa anakula amesimama wima, sahani kifuani. "Na wewe mbona hukai?"

"Napunga upepo."

"Humu ndani?"

"Kwani nadhiri ni za kwenu Wakalabari peke yenu?"

Wakajaza midomo wote wawili, maana Sista Itoro, muuguzi wa mtambo, alikuwa ameingia. Maskini Sista! Tangu mvua zianze hakuwa amefunga hata bandeji moja. Alipita kati ya meza akiwatazama watu kama mama ntilie asiye na wateja.

"Hakuna hata mwenye kichwa kinachouma?"

"Hakunaaa, Sista!" bwalo liliitika kama darasa.

"Watu wote hawa, hata mafua?"

"Mungu mkubwa, Sista," alisema Karo.

"Mungu ni mkubwa. Ninyi ni waongo." Akachukua embe lake akarudi zahanati, akafunga mlango.

Baada ya chakula Dokubo alijipenyeza jikoni kuomba maji moto na chumvi, akiwa tayari na uongo wa mafua ya koo. Mpishi hakutaka hata kuusikia. Alimsukumia bakuli tu.

"Chumvi inaisha," alisema. "Sijui wiki hii mmeingiwa na nini." Yeye mwenyewe alikuwa amevaa shati la mikono mirefu lililofungwa vifungo mpaka shingoni, katika joto lile la jikoni, na mkono mmoja hakuukunja kabisa.

Asubuhi iliyofuata ilikuwa zamu ya kabari. Hizo ni vipande vya chuma vyenye mishikio, ambavyo watu watatu huviinua pamoja na kuvisindika kuzunguka bomba ili lisiporomoke. Wa kwanza alikuwa Dokubo, kidole kimevimba mpaka glavu haikuingia ila kwa mafuta ya mawese. Wa pili alikuwa Karo, anayeinama kama mtu aliyemeza mwiko. Wa tatu alikuwa Bekinbo, aliyevaa miwani ya jua tangu juzi na kudai ni vumbi. Vumbi, katikati ya bahari! Watatu wale ungewajumlisha, usingepata mtu mmoja mzima.

"Inua!" alisema Oga Furo.

Wakainua. Kiganja cha Dokubo kikafunguka chenyewe. Kabari ikachelewa, bomba likayumba, likaligonga koleo, koleo nalo likazunguka na waya wake likapita pale palipokuwa na kichwa cha Karo.

Kofia ngumu ya Karo iliruka juu ya vyuma vya ukingo, ikaenda baharini. Kichwa chenyewe kilibaki. Karo alikishika kwa mikono miwili kuhakikisha.

"Hata rangi yake sikuipenda," alisema, akacheka. Kisha akajisahau akaketi chini, na alipoketi tu akapiga yowe lililowafukuza ndege juu ya mnara, maana kile kilichomzuia kuketi kilikuwa bado kipo.

Watu walicheka. Dokubo hakucheka. Alikuwa amembeba binti wa Karo siku ya kupewa jina, na mtoto akamkojolea shati jipya. Sasa alimwona mtoto yule amesimama mlangoni anamngoja baba, na baba amebadilishwa na friza. Dokubo aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa bahari.

Kwenye mtambo ule kulikuwa na desturi: mtu yeyote, hata mfagiaji, akiinua mkono juu, kazi yote inasimama, na bosi hana ruhusa ya kubisha mpaka mashine zinyamaze. Desturi nzuri, tena imeandikwa kila mlango. Lakini mkono haukuwa umeinuliwa kwa miezi, kwani kazi ikisimama maswali yanakuja, na maswali yanakula friza.

Dokubo aliinua mkono.

Mashine zikanyamaza moja moja. Oga Furo alitoa kichwa kibandani.

"Dokubo, shusha mkono! Mwaka unaisha keshokutwa!"

"Siwezi, Oga."

"Unaimba tena?"

"Leo siimbi." Akaivua glavu kwa meno. Kidole kilikuwa na rangi ya bilinganya, na karibu na ukubwa wake. "Mkono huu umetaka kumuua mwenzangu. Friza nalitaka, Oga, mke wangu ameshachora chaki. Lakini mkono huu hauwezi."

Dokubo alingoja matusi, na aliona ni haki yao kumtukana. Badala yake Bekinbo alivua miwani. Jicho lilikuwa limefumba kabisa.

"Mnyororo," alisema.

"Mimi nilianguka ngazini," Karo alisema kutoka chini. "Sitaji nilifikia wapi."

Oga Furo alishuka kibandani hatua kwa hatua, akafungua ovaroli. Mbavu zilikuwa zimezungushiwa shuka la kampuni na kufungwa kwa mkanda. "Bafuni," alisema, bila kumtazama mtu. "Haya, mwiteni Bwana Uzondu aje alione hili."

Bwana Uzondu ndiye afisa usalama, aliyewahubiria kila asubuhi kuhusu kutazama unapokanyaga. Walimngoja sana. Alipotokea, alikuwa anakuja upande upande, ameng'ang'ania vyuma vya ukingo, na viatu vyake havikuwa ndugu: cha kushoto kilikuwa kikubwa mara mbili.

"Asinitazame mtu," alisema. "Niliangukiwa na bango."

"Bango lipi?" Karo aliuliza.

Bwana Uzondu aligeukia baharini. "La 'Usalama Kwanza'."

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Sista Itoro alipofungua mlango wa zahanati, foleni ilikuwa imefika ngazini, mpishi akiwa wa mwisho na mkono wake wa kuungua. Aliwatazama, akavaa aproni safi, na machozi yakamlengalenga.

"Karibuni, wanangu," alisema. "Tuanze na wenye nadhiri." Na alipokikagua kidole cha Dokubo, utani ukamwisha. "Ungenyamaza kidogo tu tena, ningekikata."

Picha ya friza ilibanduliwa siku hiyo hiyo. Chai ikanywewa watu wakitazama ukuta mtupu.

Njiani kwenda nyumbani Dokubo alitunga hadithi mbili, moja ya maharamia, nyingine ya lori kuzama kivukoni. Zote zilimtoroka alipofika mlangoni. Majirani walikuwa wameketi kwenye viti vya kuazima, wifi naye yupo, na Ibinabo amejifunga vitenge vyake vya harusini. Alichungulia nyuma ya mumewe, akitafuta lori.

"Liko wapi?"

Dokubo akamwonyesha mkono uliofungwa bandeji. Akamweleza yote, ya koleo, ya kofia ya Karo iliyoelea mpaka ikapotea, na ya mkono alioinua. "Nimekuaibisha," alisema.

Ibinabo alivishika vidole vya mumewe, akavipapasa kimoja kimoja, akarudia tena. Kisha akamshika shati, akamvuta ndani, akamsimamisha katikati ya mstatili wa chaki.

"Usitoke hapo." Akaenda mlangoni. "Haya, karibuni mlione!"

Majirani wakajazana sebuleni, wakamkuta Dokubo amesimama wima, mikono ubavuni.

"Ndilo hili," Ibinabo alisema. "Halina ubaridi. Linakula kuliko linavyotunza. Limefika na mkwaruzo mmoja." Sauti ikamkatika, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Lakini limefika."

Wifi alilizunguka, akalitazama mbele na nyuma. "Shemeji kumbe una umbo! Hili unaliuza bei gani?"

"La zamani ndilo utanirudishia kesho," alisema Ibinabo. "Hili haliuzwi."