Siagi Ndani ya Bia Nyeusi

Kila asubuhi naanza na bilauri. Naziosha kwa maji ya moto bila sabuni, nazipindua juu ya kitambaa cheupe, kisha nachota bia kidogo kutoka kila tangi ili tuionje kabla kiwanda hakijachangamka. Hiyo ndiyo kazi niliyoisomea: kuonja, kupima, na kusema kama bia iko tayari. Kuonja na kupima hakunisumbui. Kusema ndiko kunakonishinda, ndiyo maana wenzangu wananiita Kimya.

Leo bado nilikuwa na bilauri mkononi pale Baba Kimea alipousukuma mlango kwa bega. Yeye ndiye fundi mkuu wa bia wa kiwanda hiki kidogo. Hakuvaa aproni yake ya mpira. Alikuwa na shati lililopigwa pasi, na mkononi jagi la bia nyeusi.

"Matangi mengine yasubiri," alisema. "Leo tunaonja hii."

Nyuma yake aliingia Kasuku, dada wa mauzo, na simu yake. "Mwenye hoteli anakuja saa sita! Nimeisifia bia nyeusi ya Kijerumani mpaka koo limekauka. Kimya, leo usiwe bahili, tutolee hata maneno matatu."

Baba Kimea alijifunza kuipika ujanani, kwa Mjerumani mmoja, na hakuwahi kupata nafasi ya kuipika kwa jina lake mwenyewe. Safari hii alikaanga kimea mpaka kikawa cheusi, akailaza bia kwenye baridi kwa wiki nyingi, na kila alipopita aliligusa tangi kama mtu anayegusa paji la mtoto mwenye homa.

Nilijimiminia kidogo, nikainua bilauri dirishani. Mezani bia ilikuwa nyeusi kama masizi, lakini mwanga ulipopenya ikageuka nyekundu ya chai ya rangi.

"Nzito kama uji," Kasuku alisema.

"Rangi tu hiyo," Baba Kimea alimjibu. "Mdomoni ni nyepesi. Watu huiogopa bure."

Nikanusa. Ganda la mkate ulioiva vizuri. Kakao. Halafu, juu ya vyote, siagi. Nikaonja, na utelezi wa mafuta ukabaki ulimini. Siagi kwenye mkate ni neema. Kwenye bia hii ni dalili kwamba hamira haijamaliza kazi yake.

Nikamtazama Baba Kimea. Alipiga funda kubwa, akafumba macho. "Safi," alisema. "Safi kabisa."

Ni yeye aliyenifundisha harufu ile, kwa kuniyeyushia siagi kwenye kijiko. Sasa hakuisikia. Ndipo nikaelewa kwa nini, tangu augue mafua makali, amekuwa akiniuliza kama maziwa ya chai yamechacha.

Nikisema, nitamuumbua siku aliyoingojea miaka yote. Nikinyamaza, mwenye hoteli atakunywa siagi, na jina la mzee litachafuka kwa bia aliyoipenda kuliko zote.

"Haya, Kimya," Kasuku alisema. "Nzuri, au nzuri sana?"

"Ina..." Sauti ikakwama. Kasuku akafungua mdomo kunisaidia. Baba Kimea akainua kidole kumnyamazisha, akaniangalia, akatulia.

"Ina siagi, baba."

"Siagi!" Kasuku alishika kichwa. "Mtu yuko njiani, wewe unamwandalia kifungua kinywa?"

Baba Kimea aliweka bilauri chini taratibu. "Nyingi?"

"Kidogo. Tangi likipata joto kiasi, hamira itaimaliza. Kisha tuirudishe kwenye baridi."

"Mpigie mwenye hoteli," alimwambia Kasuku. "Mwambie haijaiva."

"Nimwambie kwa mdomo upi, mzee?"

"Huo huo uliomwita."

Kasuku akatoka akinung'unika, huku kicheko kikimponyoka. Baba Kimea akakaa kwenye kiti changu.

"Sisikii harufu, mwanangu. Tangu yale mafua, kila kitu ni maji machungu. Nilidhani itarudi. Nikaona aibu kusema. Fundi wa bia asiye na pua ni fundi gani?"

Nikamsogezea jagi.

"Basi niambie," alisema. "Iache kando hiyo siagi. Kuna nini?"

Nikamwambia yote: ganda la mkate, kakao isiyotiwa sukari, na uchungu mfupi mwishoni unaousafisha ulimi mpaka utamani funda jingine. Nilikwama mara kadhaa. Hakunimalizia hata neno moja. Nilipofika mwisho, uso wake ulikuwa umelegea kama wa mtu aliyepokea salamu kutoka nyumbani.

"Ndiyo yenyewe," alisema. "Asante, mwanangu. Umeninusuru."

Kwa kawaida yangu ningetikisa kichwa na kurudi kwenye bilauri zangu. Mikono ilikuwa tayari imeanza kuzikusanya. Nikaiweka chini.

"Asante ni yangu, baba. Kila niendako watu hunimalizia maneno. Wewe huningoja. Nimetaka kukuambia siku zote: ndiyo sababu napenda kuja kazini."