Ugomvi wa Kunong'ona

Mtu akitaka kugombana kwa raha, asiende Dunskjær mwezi wa Mei. Kisiwa hicho, kaskazini kabisa mwa Norwe, kina sheria moja ya zamani: bata bahari, ambao manyoya yao laini ndiyo riziki ya kisiwa, wakipanda ufukweni kutaga, kelele mwisho. Mlango haubamizwi, nyundo haigongwi, na mwenye hasira huinong'ona kama anayesali.

Gunnlaug alikuwa na hasira za kujaza kanisa.

Mama yao alizikwa katikati ya giza la majira ya baridi, na kabla kaburi halijaganda, kaka yake Torleif alishapata mnunuzi wa kisiwa, tajiri wa mjini aliyetaka kujenga nyumba za watalii. Walitukanana mpaka madirisha yakatoka jasho. Mwishowe wakapatana kwa kusaga meno: bata wakitaga kwa Gunnlaug kama walivyotaga kwa mama, kisiwa hakiuzwi. Wasipotaga, Gunnlaug anatia sahihi.

Jua liliporudi, akakusanya mwani, akauanika kwenye upepo unaochuna uso kama kisu cha samaki. Akatandika viota chini ya mawe, chini ya ngazi, hata chini ya sakafu. Kisha akavaa koti la kijivu la marehemu mama, bila kulifua, maana bata humjua mtu kwa nguo yake.

Naye Torleif akaja, injini ya mashua ikinguruma hadi mawe ya ufukweni, mwilini koti la rangi ya chungwa kama nyumba inayoungua.

"Zima hiyo!" Gunnlaug alinong'ona. "Na livue hilo koti, zumbukuku wewe!"

"Karibu kaka, habari za safari, kaka," Torleif akajikaribisha mwenyewe. Akalivua, akalitupa ndani ya mashua. "Umerithi koti la mama, adabu zake umeziacha kaburini."

Kule majini bata walishageuza mikia.

"Umewaona?" Torleif akasema. "Wamekukimbia wewe. Unanuka mama, lakini sura ni ya baba."

Siku zilizofuata akapiga chafya makusudi kama bunduki, akakohoa kama mzee wa kanisa. Bata wakazunguka mbali, hawapandi. Gunnlaug akamumunya matusi yake kama pipi chungu. Asubuhi moja Torleif akasema basi, viota vitupu, anakwenda kumleta mnunuzi na karatasi zake.

Gunnlaug akamfuata ufukweni. Akamkuta kaka yake amesimama mguu mmoja hewani, kama korongo. Ndani ya mashua, juu ya lile koti la rangi ya chungwa, bata jike amelala. Amekwisha kujinyonyoa manyoya laini ya kifuani na kuyafunika mayai yake. Akamtazama Torleif bila kupepesa.

"Msukume," Gunnlaug alinong'ona. "Si ulisema ni ndege tu?"

Torleif akainua mkono. Lakini aliyelelewa nyumba ile hasahau mwaka ambao bata alitaga kizingitini, na familia nzima, mchungaji pamoja na tumbo lake, ikawa inaingia dirishani mpaka vifaranga walipotoka. Mkono ukashuka wenyewe.

"Ameshaketi," alisema.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo funga bakuli lako, utamshtua!"

Ndivyo alivyonasa kisiwani: nyumba moja, birika moja, na watu wawili wasiotazamana. Mnunuzi akachoka kungoja, akaja mwenyewe mwezi wa Juni, honi ya boti ikilia. Kabla Gunnlaug hajavaa viatu, Torleif alishanyakua koti la mama msumarini, akashuka ufukweni ameinama kama mama, akipunga mikono kama anayefukuza mashetani, kimya kabisa. Tajiri akatazama kioja kile, akageuza boti. Hakurudi tena.

"Usichekelee," Torleif alimnong'oneza dada yake. "Bado nakuchukia."

"Hata mimi. Lete koti, umelichana bega."

Julai, vifaranga walipofuata mama yao baharini, Torleif akaisukuma mashua majini. Alipofika mbali kidogo akasimama, akaachia kwa sauti kila tusi alilolihifadhi tangu Mei. Gunnlaug akapanda juu ya jiwe, akamrudishia moja baada ya jingine, mpaka shakwe wakaondoka kwa aibu.

"Na mwani wako mbovu!" Torleif akamalizia. "Ndiyo maana alikuja kwangu! Mwakani nitauanika mwenyewe!"

"Thubutu!" Gunnlaug alipiga kelele. "Thubutu uje na hilo koti!"