Mgeni Rasmi na Mwisho wa Mchezo

Jumba la sanaa la katikati ya mji lilijengwa kwa ajili ya wananchi. Bango la mlangoni lilisema hivyo. Wananchi walikaa nyuma. Viti vya mbele, vya mahameli, vilikuwa vya watu waliohitaji kuonekana wakitazama.

Mwigizaji alikuwa na mchezo wa mtu mmoja, na alikuwa na mama mgumu kama jiwe la kusagia. Siku zote mama huyo aliiita kazi ya bintiye "vijichekesho". Leo, kwa mara ya kwanza, alikuja kujionea, akaketi safu ya mwisho, mkoba mapajani. Basi la jioni halingemsubiri, na mumewe mgonjwa alikuwa hageuki kitandani bila yeye.

Mchezo ulikuwa umefika katikati mkurugenzi wa jumba alipopanda jukwaani, mikono ikipunga kama anayefukuza kuku.

"Simama, dada! Mgeni rasmi kaingia. Tunaanza upya."

"Upya?"

"Sasa unataka mheshimiwa aone makombo?"

Huo ndio ulikuwa utaratibu wa jumba, wala hakuna aliyeuonea haya. Mheshimiwa alisalimiana na safu nzima ya mbele, akaketi, akatoa simu. Ukumbi ukampigia makofi kwa kazi hiyo.

Kule nyuma mama alisimama.

"Mama, kaa kidogo!" mwigizaji alipaza sauti.

"Mwanangu, mwanzo nimeshauona. Nyumbani kuna mtu."

Watu wakacheka. Mwigizaji aliutazama uso wa mheshimiwa, uliomulikwa na simu, na wa mkurugenzi, aliyekuwa akiutazama uso wa mheshimiwa. Akajifunga kanga ya mjane, akaanza na onyesho la mwisho: mwanamke anamzika mume aliyemsumbua maisha yake yote, kisha anashindwa kuondoka kaburini.

Mama hakukaa. Hakutoka pia. Mjane alipopiga magoti, sauti ya mama ilitoka mlangoni, kali: "Shenzi yule! Kumbe alimpenda!" Kisha akakimbilia basi lake.

Mwigizaji akavua kanga, akarudi mwanzo, akaishia pale katikati alipokuwa amekatizwa.

Mheshimiwa alipewa kipaza sauti. Alisifu hadithi iliyopangika vizuri, hasa mwisho wake.

"Umeona, dada?" mkurugenzi alimnong'oneza, akipiga makofi. "Ndiyo faida ya kuanza mwanzo."