Pindo la Ukuta

Fundi viatu wa ghorofa ya pili anadai alitoka kwenda kunyolewa tu, akarudi na kukuta ukuta umesogea, na miguu ya kitanda chake inachungulia nje ya mlango wa chumbani. Hakumgombeza mtu. Alikikata kitanda kwa msumeno, na tangu hapo analala amejikunja, na akitembea utadhani anatafuta sarafu iliyomdondoka.

Fundi cherehani aliyepanga juu yake, sebule na chumba kimoja cha kulala, alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akapanda ngazi, akavua tepu shingoni na kupima chumba anacholala mama yake. Alikuwa amekipima siku ya kuhamia, kwa ajili ya mapazia, naye hasahau kipimo. Kilikuwa kimepungua shubiri mbili.

"Mama, umesogeza kitanda?"

"Sijakigusa. Ukuta ndio umekuja kunisalimia."

Watu walimshauri ahame. Nje ya mji vyumba ni vipana, walisema, unaweza kukimbizana na kuku ndani. Lakini hapa mama, na nyonga yake mbovu, alikwenda zahanati kwa miguu yake mwenyewe, akipumzika mara moja tu kwenye benchi la kinyozi. Duka la mikate lilikuwa ng'ambo ya barabara, kibanda cha kushonea hatua sitini. Huko kwenye upana angekaa ndani akisubiri kubebwa kama furushi. Fundi akasema hatoki.

Jumatatu alikuja mwenye nyumba, ambaye wapangaji humwita Mzee Funguo kwa sababu husikika kabla hajaonekana. Alieleza kwa upole kwamba nyumba nazo hupumua.

"Na mkataba, mwanangu, unasema chumba kimoja. Si bado ni kimoja?"

Nyuma ya ukuta huo, mahali palipokuwa na ujia mwembamba, tayari palikuwa na mlango mpya na kibao: chumba kinapangishwa.

"Ukipewa shubiri usichukue pima," mama alisema mzee alipoondoka. "Huyu hata hakupewa."

Fundi aliupapasa ukuta kama anavyopapasa kitambaa cha mteja. Karibu na sakafu, chini ya rangi, vidole vyake viligusa mishono: mirefu, ya kivivu, ya mtu anayelipwa kwa kipande. Ukuta haukuwa umehamishwa. Ulikuwa umebanwa, kama gauni kiunoni.

"Aliyeubana hakukata akiba, ile ziada ya pindoni," akamwambia mama. "Yote imekunjwa humo ndani."

"Basi fumua."

Alifumua kwa ncha ya wembe, uzi mmoja mmoja. Ukuta ukalegea, ukarudi kwao taratibu, ukiwa na tundu la msumari wa kalenda pale pale lilipokuwa. Kufikia jioni, chumba kipya cha upande wa pili kilikuwa na upana wa ubao wa kupigia pasi. Kesho yake akamfumulia fundi viatu. Ukuta wake ulirudi, kitanda hakikurudi. Kilichokatwa hakina akiba.

Jumatatu iliyofuata kuta zilikuwa zimebanwa tena, vidole vitatu. Akafumua. Na iliyofuata. Ikawa kazi ya kila Jumanne, kabla ya kufagia.

Jumanne moja Mzee Funguo alimkuta amepiga magoti, nyuzi zimemjaa mapajani. Alilalamikia vumbi. Fundi akainuka, akautoa mkataba chini ya godoro la mama na kumnyooshea pamoja na kalamu.

"Mzee, andika urefu na upana. Hapa, juu ya sahihi yako."

Mzee aliutazama ukuta, akazitazama funguo zake, akachagua mmoja na kuanza kuufuta kwa kidole gumba. Juu, ghorofa ya nne, sindano ilisikika ikipenya plasta. Mama akasogea, akamwachia mzee nafasi ya kukaa kitandani. Fundi hakuushusha mkono. Wembe ulikuwa katika ule mwingine.