Laini kwa Jina la Mama Pacha

Jumapili ile Mama Pacha alipoanguka jikoni, mumewe alikimbilia mlango wa jirani na kuugonga kwa ngumi zote mbili. Aliugonga kwa muda mrefu kabla hajakumbuka kwamba mwalimu aliyekuwa akikaa pale alikuwa amehama wiki tatu zilizopita. Nyuma ya mlango ule hapakuwa na mtu wala kiti. Akarudi mbio. Mkewe alikuwa amekaa sakafuni, mgongo kwenye kabati, anajipepea kwa mfuniko wa sufuria.

"Umeniacha unakwenda wapi?"

"Kuita mtu."

"Umempata?"

Alimpa maji, akakaa naye pale chini hadi pumzi zilipomtulia. Moyo wa Mama Pacha ulikuwa umeanza vituko tangu mwaka uliopita, na daktari alishasema: ukibana, msisubiri, piga simu. Wakati huo simu waliyoitegemea ilikuwa ya mwalimu. Yao wenyewe, ile ya kioo waliyoletewa na mmoja wa wale pacha wao, ilitumbukia kwenye ndoo ya nguo ikafa pamoja na laini yake. Hata ilipokuwa hai, mzee hakuipatia. Alikuwa fundi mwashi miaka arobaini, kazini wakimwita Timazi kwa jinsi kuta zake zilivyosimama wima, na saruji ilikuwa imemla vidole vikawa vikavu kama ganda la mti. Akigusa kile kioo, kioo kinamnyamazia.

Kesho yake akaenda dukani peke yake. Pacha wote wawili walikuwa nchi za mbali, kila mmoja na bosi wake, na hakutaka kungoja mpaka wapate likizo.

"Shikamoo, mzee. Karibu," alisema muuzaji, msichana mwenye miwani na sauti ya upole.

"Marahaba, mwanangu. Nataka simu ya dharura. Si ya kupiga soga."

Msichana akampangia tatu juu ya meza. Ya kwanza ilikuwa ya kioo. Mzee akaisukuma pembeni kabla hajamaliza kuelezwa. Ya pili ilikuwa ya vitufe, lakini vidogo kama mbegu za papai. Akabonyeza tano, zikaandikika tano, nane na sita kwa mpigo.

"Hii inanipa na nisichokiomba," alisema, na msichana akacheka.

Ya tatu ilikuwa nene, vitufe vyake vikubwa, na mgongoni ina kitufe chekundu. Ukikishikilia kidogo, inampigia yenyewe mtu mmoja uliyemchagua. Mzee aliipima uzito kiganjani, akaigonga kwa ukucha na kuitegea sikio kama alivyozoea kugonga tofali kabla ya kulipokea. Akauliza chaji inakaa siku ngapi. Akauliza kama itasikika ikiwa chumba kingine. Akauliza, akikaa nayo miezi miwili bila kumpigia mtu, itakuwaje?

"Laini ni ya kulipia kabla, baba. Unaweka salio, linakungoja. Ila usiisahau kabisa, maana laini isiyotumika hufungwa. Sasa, kwenye hiki chekundu tumweke nani?"

Alisimama akiwaza, na jinsi alivyowaza ndivyo watu walivyozidi kupungua. Mwisho akamtaja shemeji yake, mdogo wa Mama Pacha, aliyekaa upande wa pili wa mji.

"Sawa. Nipe kitambulisho, halafu weka dole gumba hapa tusajili laini."

Akaweka. Kile kimashine kikawaka taa nyekundu. Akaweka la kushoto, nyekundu. Msichana akamfuta vidole kwa kitambaa, akampaka mafuta kidogo, akavijaribu vyote kumi kimoja kimoja, mara mbili. Watu waliokuwa nyuma yake kwenye foleni wakaanza kuguna. Akaja msimamizi, akavishika vidole vya mzee na kuvigeuzageuza kwenye mwanga.

"Mzee, huna alama. Mfumo haukutambui."

"Picha yangu hiyo hapo kwenye kitambulisho. Na mimi mwenyewe huyu hapa."

"Mimi nakuona. Mfumo ndio haukuoni. Labda umlete mtu wa nyumbani, tusajili kwa jina lake."

"Mtu wa nyumbani ndiye mgonjwa."

Msimamizi akasikitika, na kusikitika kwake kulikuwa kwa kweli, lakini hakukuwa na kitufe chochote alichoweza kukibonyeza. Mzee akarudi na simu isiyo na laini.

Mama Pacha alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaanza kutafuta viatu vyake.

"Unakwenda wapi?"

"Kukuazima kidole."

"Ghorofa ya nne hii, mama. Tungoje upate nguvu."

"Na ikinipata kabla sijapata hizo nguvu? Utamgongea tena mwalimu?"

Waliondoka asubuhi iliyofuata, watu walipokwisha kwenda makazini na ngazi zikawa tupu. Walishuka polepole, mkewe akishika ukuta, yeye akitangulia kidato kimoja mbele ili mkewe akiteleza amwangukie yeye. Vidato vya jengo lile havikulingana, kimoja kirefu, kingine kifupi, na kila kilichomtetemesha mkewe goti mzee alimlaani kimoyomoyo fundi aliyekijenga.

Dukani kidole cha Mama Pacha kilikubaliwa mara ya kwanza. Taa ya kijani. Akamgeukia mumewe na kumkonyeza kama msichana.

"Hongera, mama," alisema muuzaji. "Laini itafunguka muda wowote kuanzia sasa. Ikichelewa sana, kesho saa kama hizi."

Walirudi kwa furaha. Ghorofa ya kwanza Mama Pacha alikuwa bado anatania kwamba sasa simu ni yake na mumewe aombe ruhusa. Ghorofa ya pili alianza kuhema. Walipokaribia ya tatu, pale ngazi zinapogeuka, akasema, "Ngoja," akakaa. Mkono wake ukaenda kifuani.

"Mama Pacha."

"Ngoja kwanza."

Midomo yake ilikuwa inapoteza rangi. Mzee akaitoa simu mfukoni, akakishikilia kile kitufe chekundu. Ikalia mlio mmoja mfupi, ikanyamaza. Akashikilia tena. Kwenye kioo kidogo paliandikwa kwamba hakuna mtandao. Akabonyeza namba zote, akabonyeza mpaka kidole kikamuuma, na kila mara ni ule mlio mmoja, kama mtu anayeguna bila kugeuka.

Akaita. Jengo likamrudishia sauti yake mwenyewe. Akafikiri kushuka kutafuta mtu, lakini mkewe alikuwa amemshika shati na hakuliachia. Akafikiri kumbeba. Mifuko ya saruji aliwahi kuibeba kwenye ngazi kama hizi, siku nzima. Akapitisha mikono chini ya mapaja yake, akavuta pumzi, akainua, magoti yakamkatalia. Akamkalisha tena taratibu. Kisha akakaa kidato cha juu yake, akamlaza kwenye mapaja yake, na akaendelea kuita, safari hii bila kujua anamwita nani.

"Usipige kelele," mkewe alisema kwa shida. "Unanitisha."

Aliyesikia alikuwa fundi cherehani wa ghorofa ya pili, mwanamke ambaye siku ile hakutoka kwa sababu ya jino. Alipanda na futi yake ya kitambaa shingoni, akaona, akapiga simu yake mwenyewe huku akishuka kutafuta watu. Wanaume wawili waliokuwa wakishusha magodoro duka la jirani walimteremsha Mama Pacha akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki. Mzee aliwafuata nyuma na viatu vya mkewe mkononi.

Alipona, kama kupona ni kubaki hai. Baada ya siku tisa hospitalini daktari aliwaita wote, pamoja na shemeji, akasema jambo moja ambalo hakulizungusha: ngazi basi. Nyumba ya chini hawakuwa nayo, na ya kupanga haikupatikana. Shemeji akasema dada yake atakwenda kukaa kwake, barabarani hadi mlangoni hakuna hata kidato kimoja. Lakini kwake palikuwa na vyumba viwili na watu saba, na kitanda kilichopatikana kilikuwa cha mtu mmoja, katika chumba cha wasichana.

"Wewe shemeji tutakuona Jumamosi," alisema, na hakusema kwa ubaya.

Simu walibishania kidogo. Mzee alitaka mkewe aichukue.

"Kule simu ni nyingi kuliko vijiko," alisema Mama Pacha. "Wewe ndiye uliyebaki peke yako. Kaa nayo."

Ikabaki mezani juu ya kitambaa, laini ikiwa imeshafunguka. Yeye hakuwa na la kupiga; kila akiishika alijiuliza kama upweke ni dharura, akairudisha. Lakini mkewe alipiga kila alasiri, kwa simu ya mpwa wake. Mwanzoni aliuliza kama amekula na kama amefungua madirisha. Wiki ya tatu akapiga mapema kuliko kawaida, akizungumza chinichini.

"Baba Pacha, unanisikia?"

"Nakusikia."

"Wananitunza vizuri, sikatai. Lakini nguo zangu ziko kwenye mfuko chini ya kitanda. Nikitaka kulala, watoto wanatolewa chumbani. Nakaa tu kama mgeni aliyesahau kuaga. Huwezi kuja kunichukua?"

Mzee alisimama na simu sikioni katikati ya chumba. Akatazama kitanda chao, akatazama mlango, na nje yake zile ngazi.

"Baba Pacha?"

"Nipo."

"Nimekuuliza."

"Jumamosi nakuja," alisema.

"Nimekuuliza kunichukua."

"Najua, mama," alisema, na hakuikata, wala mkewe hakuikata, mpaka mpwa alipokuja kuidai simu yake.